Mpira ni wa Taifa, Picha ni ya Nani?

Septemba 2023 Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilitangaza kwamba fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027 zitaandaliwa kwa pamoja na Kenya, Tanzania na Uganda. Tangu siku hiyo viongozi wetu hawajachoka kutukumbusha ukubwa wa heshima hiyo. Uwanja mpya unajengwa Arusha kwa fedha za umma, na hakuna anayepanda jukwaani akashuka bila kuitaja AFCON. Swali ambalo sijalisikia jukwaani ni jepesi sana: Mtanzania wa Namtumbo, wa Kasulu au wa Micheweni, ambaye hatafika Arusha wala Temeke, ataiona timu yake kwa njia gani iliyo halali, na kwa bei gani?

Nalileta swali hili hapa kwa sababu jibu lake halihusu burudani peke yake. Linahusu sheria, fedha za umma na heshima ya raia. Dola inayomwambia kijana kwamba kutazama mechi kwa njia ya wizi ni kosa la jinai ina wajibu wa kumwonyesha mlango halali ulipo, na wa kuhakikisha kwamba mlango huo haufunguki kwa wenye nacho tu. Hoja yangu ni kwamba sisi tumefanya nusu ya kwanza tukaiacha ya pili.

Naomba nieleweke mapema. Siandiki kuutetea wizi. Mwezi Mei 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 na Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa ajili ya haki za matangazo ya Ligi Kuu. Mtu anaweza kuubishania mkataba ule kwa mambo mengi, lakini hawezi kukana kwamba klabu ndogo za mikoani, zisizo na tajiri wala wanachama wa kuchangisha, zimepata humo fedha ambazo hazikuwa nazo. Anayetazama kwa kiungo cha magendo anakula matunda ya mti asioumwagilia. Isitoshe, viungo hivyo havitolewi kwa huruma. Kurasa zile hujaa matangazo ya kamari, vitufe vya uongo vinavyopakia programu haribifu kwenye simu, na fomu zinazoomba namba ya kadi ya benki kwa kitu kinachoitwa cha bure. Mwenye ukurasa analipwa, na malipo yenyewe ni wewe.

Sheria nayo haijanyamaza. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo inataja uvunjaji wa haki za ubunifu kwa njia ya kompyuta na kuuwekea adhabu ya faini na kifungo, hata pale ambapo mkosaji hafanyi biashara. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia mitandao binafsi ya VPN watoe taarifa zao. Kwa hiyo kijana anayeamua kujifanya yuko London ili afunguliwe mechi iliyofungwa Dodoma anagombana na mkataba wa kampuni ya huko na kanuni za hapa kwa wakati mmoja.

Basi tuulize: mwizi ni nani? Wizi mkubwa zaidi wa picha za mpira katika miaka ya karibuni haukufanywa na mwanafunzi wa bweni mwenye simu iliyopasuka kioo. Kuanzia mwaka 2017 chaneli iliyoitwa beoutQ iliiba matangazo ya beIN ya Qatar na kuyarusha kwa kiwango cha kibiashara, na Juni 2020 jopo la Shirika la Biashara Duniani lilieleza kwamba Saudi Arabia haikuchukua hatua za jinai ilizopaswa kuchukua dhidi yake. Wakubwa walipogombana, picha ya mpira ikawa silaha ya siasa, na kesi ikafika Geneva. Mdogo anapokosa fedha ya king'amuzi, anaitwa mhalifu na mjadala unakwisha.

Hata dhana ya nani anamiliki mechi si nyepesi kama matangazo ya vitisho yanavyotaka tuamini. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua shauri la Karen Murphy, mwenye baa mjini Portsmouth, aliyekuwa akionyesha mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwa kutumia kadi ya king'amuzi cha Ugiriki kwa sababu ilikuwa rahisi. Mahakama ilisema mechi ya mpira yenyewe si kazi ya ubunifu inayolindwa na hakimiliki, kwa kuwa inaongozwa na kanuni za mchezo na haina mtunzi. Kinacholindwa ni vile vilivyoongezwa juu yake: wimbo wa utangulizi, michoro, vipande vilivyohaririwa. Mahakama ikaongeza kwamba kuwazuia raia wasinunue kadi za nchi nyingine ndani ya soko la Ulaya kulikiuka sheria ya ushindani. Hukumu hiyo haitubani sisi, wala haikumpa mwenye baa ruhusa ya kuonyesha kila kitu bila idhini. Lakini inatufundisha jambo moja kubwa: "haki ya matangazo" ni kitu kilichotengenezwa na sheria na mikataba. Kilichotengenezwa na sheria, sheria inaweza kukiwekea mipaka kwa faida ya wengi.

Sasa tuje kwenye njia halali yenyewe, maana nimewasikia wengi wakiilaumu kabla ya kuitafuta. Nilipowauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili wangeanzia wapi kutafuta mechi ya Taifa Stars mtandaoni, wengi walitaja makundi ya Telegram. Hakuna aliyemtaja mwenye mashindano. Na hapo ndipo pa kuanzia. Haki za mechi huuzwa nchi kwa nchi, na mwenye mashindano, awe FIFA, CAF au UEFA, ndiye anayejua amemuuzia nani. Kwa mashindano makubwa hutangaza orodha ya vituo vilivyonunua haki katika kila nchi. Soma orodha, tafuta Tanzania, kisha nenda kwenye tovuti au programu ya kituo hicho chenyewe, si kwenye ukurasa unaodai kuwa "mshirika" wake. Kampuni za televisheni ya kulipia zinazofanya kazi hapa, Azam, DStv na StarTimes, zina programu za simu, na mara nyingine vifurushi vya mtandaoni peke yake visivyodai dishi juu ya bati.

Hatua ya pili ni kutazama huduma za wenye mashindano wenyewe. FIFA ilizindua FIFA+ mwezi Aprili 2022, na humo zimewahi kurushwa bure mechi za ligi na mashindano ambayo hakuna kituo kilichoyanunua. Kombe la Dunia la Klabu la mwaka 2025, mechi zote 63, lilionyeshwa bure mtandaoni na DAZN. Mashirikisho ya kanda na ya bara nayo hurusha baadhi ya mechi kwenye chaneli zao za YouTube, hasa za vijana na wanawake. Anayeipenda Twiga Stars na anailaumu televisheni kila siku afanye kwanza kazi ya kuzikagua chaneli hizo. Na hatua ya tatu, ambayo vijana wanaicheka, ni redio. Mtangazaji mzuri wa redio anakuonyesha mpira kwa masikio, kwa gharama ya betri.

Nimeyaeleza haya ili asitokee mtu akasema njia halali haipo kabisa. Ipo. Tatizo ni kwamba imefichwa, inabadilika kila msimu, na mara nyingine hufungwa bila taarifa. Mfano tunao. Fainali za AFCON zilizochezwa Côte d'Ivoire mapema mwaka 2024 zilikuwa za tatu kwa Tanzania katika historia yake yote, baada ya zile za 1980 na 2019. Haki za matangazo kwa sehemu kubwa ya Afrika zilikuwa mikononi mwa New World TV ya Togo. Kampuni ya MultiChoice ilitangaza kwamba SuperSport haitaonyesha mashindano hayo. Kisha, siku chache tu kabla ya mechi ya kwanza, ikatangaza kuwa makubaliano yamefikiwa. Fikiria maana yake. Mamilioni ya Waafrika waliokwisha kulipia ving'amuzi vyao hawakujua, hadi wiki ya mwisho, kama wataziona timu za bara lao. Suala hilo liliamuliwa katika vikao vya wafanyabiashara.

Tena, hata kinachoitwa bure kina bei. Chukua picha ya ubora wa kati inayosafiri kwa megabiti 1.5 kwa sekunde. Dakika 90, mapumziko na muda wa nyongeza ni kama dakika 110. Piga hesabu: mechi moja inakula takriban GB 1.2. Mwenye intaneti ya ofisini haoni kitu. Mwanafunzi anayeunga bando la siku kwa fedha ya chakula cha mchana anaona. Kwa hiyo mtu anapotuambia kwamba mechi "itakuwa bure mtandaoni", tumuulize ni bure kwa nani. Tuliwahi kudanganyika namna hii mwaka 2012, pale mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam na chaneli za bure zikaanza kuhitaji king'amuzi. Mwaka 2018 ukaja mvutano wa TCRA na kampuni za ving'amuzi vya satelaiti juu ya kubeba chaneli za bure, na wengi wakajikuta chaneli walizozizoea zimeondoka kwenye skrini zao. Kila mara teknolojia inapohama, aliye chini ndiye anayeachwa kituoni.

Nchi nyingine zilikwisha kulitambua tatizo hili na kulitungia sheria. Uingereza, ambayo ligi yake ndiyo imeugeuza mpira kuwa biashara ya mabilioni, ina Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1996 inayoweka orodha ya matukio ya michezo ambayo lazima yapatikane kwa umma kwenye televisheni isiyolipiwa. Fainali za Kombe la Dunia na za Ulaya zimo, za wanaume na za wanawake. Na walipoona kwamba kampuni za mtandaoni zingeweza kupita pembeni ya sheria iliyoandikwa kwa ajili ya televisheni, walitunga Sheria ya Vyombo vya Habari ya mwaka 2024 kuuziba mwanya huo. FIFA na UEFA walipinga orodha za Uingereza na Ubelgiji mahakamani, wakidai kwamba si kila mechi ya Kombe la Dunia ni tukio kubwa kwa jamii na kwamba orodha hizo zinapunguza thamani ya mali yao. Julai 2013 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilitupa rufaa zao. Naomba mtumishi wa umma anayesoma makala haya alishike hilo: dola ilisimama mbele ya FIFA, na dola ikashinda.

Tukisema Ulaya ni matajiri, tuitazame India. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya India, katika shauri lililohusu chama cha kriketi cha Bengal, ilisema kwamba mawimbi ya hewa ni mali ya umma. Mwaka 2007 Bunge lao likatunga sheria inayomlazimu mwenye haki binafsi kushirikisha shirika la utangazaji la taifa, Prasar Bharati, matangazo ya michezo yenye umuhimu wa kitaifa. Hawakumpora. Sheria ile iligawa mapato ya matangazo ya televisheni kwa uwiano wa 75 kwa mwenye haki na 25 kwa shirika la umma. Afrika Kusini nayo ina kanuni za mwaka 2010, zilizorekebishwa 2021, zinazotaja matukio ya michezo ya kitaifa ambayo hayawezi kufungiwa nyuma ya malipo peke yake. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba Afrika haiwezi.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza litasema: ukiwalazimisha, kampuni hazitanunua haki, na mpira wetu utakufa njaa. Hoja hii ina uzito kwa ligi ya ndani, na ndiyo maana siidai Ligi Kuu. Ninachokidai ni kidogo na kina mipaka: mechi za timu za taifa, wanaume na wanawake, katika mashindano rasmi, pamoja na nusu fainali na fainali za mashindano tunayoyaandaa wenyewe. Timu ya taifa haimilikiwi na kampuni. Inavaa bendera, inaimba wimbo wa taifa, na inahudumiwa kwa kodi. Mwaka 2023 Rais alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila bao la klabu zetu katika mashindano ya Afrika, na umma ulishangilia. Kama hazina yetu ina nafasi ya kuzawadia bao, na iwe na nafasi ya kumwezesha mlipakodi kuliona bao hilo.

Jibu la pili litasema: haki ni za CAF, sisi hatuna sauti. Hili silikubali hata kidogo. Mwandaaji wa mashindano hana wakati mwingine wenye nguvu kuliko pale shirikisho linapohitaji viwanja vyake, polisi wake, hospitali zake na misamaha yake ya kodi. Nchi tatu zilizoomba kwa jina la "Pamoja" zingeweza kukaa pamoja na kusema: tunatoa haya yote, nasi tunataka mechi za timu zetu zionekane na wananchi wetu bila malipo, kwenye televisheni na kwenye simu. Mikataba ya CAF si msahafu. Mkataba wake mkubwa na kampuni ya Lagardère ya Ufaransa, uliokuwa uendelee hadi mwaka 2028, ulivunjwa mwaka 2019 baada ya mamlaka za ushindani, zikiwemo za Misri, kuuhoji. Kinachohojiwa hubadilika. Kisichohojiwa hubaki na kuitwa kanuni.

Nadai basi mambo manne. Kwanza, Wizara yenye dhamana ya habari na michezo pamoja na TCRA watangaze, kwa tangazo rasmi katika Gazeti la Serikali, orodha ya mechi zinazolindwa, na orodha hiyo itaje mtandao kwa jina, isiishie kwenye neno televisheni. Pili, Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, liwezeshwe kuzirusha mechi hizo kwenye programu yake, na kampuni za simu, zinazotumia masafa ambayo ni mali ya umma, zisitoze bando kwa saa zile za mchezo. Tatu, TFF itangaze kabla ya kila mechi ya kimataifa, kwenye kurasa zake, ni kituo gani na programu gani yenye haki nchini. Hili halihitaji sheria wala senti. Linahitaji mtu mmoja na nusu saa.

La nne ni vibanda umiza. Mamia kwa maelfu ya Watanzania huuona mpira humo, kwenye mabenchi ya mbao, kwa kiingilio kidogo. Mwenye kibanda hutumia king'amuzi cha nyumbani kwa biashara, na kwa maandishi ya mkataba anakosea. Lakini yeye ndiye aliyefanya kazi ya umma ambayo umma haukuifanya. Iwekwe leseni nafuu ya vibanda, inayolipika kwa msimu, ili mwenye haki apate chake, halmashauri ipate chake, na mwenye kibanda aache kujificha kila anapoona gari la ukaguzi. Kumfukuza ni rahisi, ila atakayebaki bila mpira si yeye peke yake, ni mtaa mzima.

Wanafunzi wangu, acheni viungo vya magendo, na mkiviacha msikae kimya: andikeni, ulizeni, pelekeni barua kwa mbunge wenu kabla ya kikao cha bajeti ya Wizara hiyo. Wanaharakati, ambao mara nyingi mnauona mpira kuwa jambo la kupumbaza watu, kumbukeni kwamba haki ya kupata habari haikomei kwenye hotuba na takwimu. Nanyi ndugu zangu watumishi wa umma mtakaokaa mezani kwa niaba yetu, ulizeni swali moja kabla ya kutia saini: mwananchi ataona wapi? Kama hakuna jibu kwenye karatasi iliyo mbele yenu, wekeni kalamu chini.

Naomba kuwasilisha.